Herufi saba na maneno yaliyomo ndani yake: jibu kwa mwalimu mlezi wa klabu ya Scrabble

«Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili ya kutwa huku Pwani ya Kenya, na ndimi mlezi wa klabu ya Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vyenye herufi. Majuzi mwanafunzi mmoja alikuwa na herufi A, C, E, H, N, R na T, akashindwa kupata neno hata moja la herufi zote saba. Mchezo ulipokwisha, wenzake waliziingiza herufi hizo katika tovuti mbili za kutafutia maneno. Ya kwanza ilitoa CHANTER na TRANCHE pamoja na maneno mafupi mengi. Ya pili ilitoa MERCHANT na ENCHANTER, ambayo yana herufi ambazo mtoto hakuwa nazo, na wanafunzi wakasema tovuti hiyo ni ya uongo. Siku hiyohiyo programu ya simu ililikataa neno ZO, ambalo tovuti ilikuwa imelikubali. Ni ipi ya kuaminiwa? Je, kuna njia ya kuwafundisha kutafuta maneno bila simu? Ni kweli kwamba Q lazima ifuatwe na U? Mwisho, nina kijana mmoja ambaye herufi zikichanganywa hupotea kabisa, na hata anaposoma kitabu cha kawaida hubadilisha herufi na kuruka maneno. Nahofia kwamba mchezo huu unamvunja moyo.»

Mwalimu, ahsante kwa swali lililoandikwa kwa uangalifu. Umezitaja herufi zenyewe na majibu yenyewe, na kwa sababu hiyo ninaweza kukujibu bila kubahatisha. Wasiwasi wako, kama ninavyouelewa, una pande mbili: hujui ni chombo kipi cha kukitegemea wakati wanafunzi wanapobishana mbele yako, na hujui kama ustadi wa kutafuta maneno unaweza kufundishwa darasani au ni kipaji ambacho wengine wamezaliwa nacho na wengine hawana. Ustadi huu unafundishika, tena kwa njia rahisi kuliko watu wengi wanavyodhani. Lakini nianze na ule ugomvi wa tovuti.

Tovuti zote mbili zilijibu sahihi. Hitilafu ni kwamba ziliulizwa maswali mawili tofauti, na wanafunzi wako hawakutambua tofauti hiyo kwa kuwa katika zote mbili waliandika herufi zilezile ndani ya kisanduku kimoja. Ya kwanza iliulizwa: ni maneno gani yanayoweza kuundwa kwa herufi hizi peke yake? Ya pili iliulizwa: ni maneno gani yaliyo na herufi hizi zote ndani yake, hata kama yana nyingine za ziada? MERCHANT lina A, C, E, H, N, R na T, na limeongezewa M. ENCHANTER linazo zote saba, na juu yake lina E ya pili na N ya pili. Kwa mchezaji mwenye vipande saba mkononi, majibu ya tovuti ya pili yanaonekana kama uongo, ilhali kwa mtu anayejaza chemshabongo au anayetafuta neno refu lenye herufi fulani, hayo ndiyo majibu anayoyahitaji.

Ningependa uwafafanulie wanafunzi wako aina nne za swali kabla hawajaigusa simu, kwa maana nusu ya migogoro ya klabu huishia hapo. Tuchukue herufi A, B, L na E. Ukiuliza maneno yanayoundwa kwa herufi hizo nne tu, utapata ABLE na BALE. Ukiuliza maneno yenye herufi hizo zote kwa mpangilio wowote pamoja na nyingine, utapata BAGEL, BALLET, TABLE na mengine mengi mno. Ukiuliza maneno ambamo herufi hizo zimefuatana bila kutenganishwa, BAGEL na BALLET zitaondoka, nazo TABLE, STABLE na VEGETABLE zitabaki. Aina ya nne husahaulika mara nyingi: herufi zinafuata utaratibu wake, A kisha B kisha L kisha E, lakini zinaweza kutenganishwa na nyingine. Hapo utapata AMBLE na ASSEMBLE, ambayo hayangeonekana katika aina ya tatu. Mtu akikuambia anatafuta maneno «yenye ABLE», hujaambiwa bado anatafuta nini.

Liko pia suala la kurudia herufi. Katika Scrabble kila kipande hutumika mara moja, kwa hiyo mwenye E moja hawezi kuandika neno lenye E mbili, isipokuwa E ya pili iwe tayari imo ubaoni au atumie kipande kitupu, ambacho husimama badala ya herufi yoyote. Iko michezo mingine ya maneno, hasa ile ya magazeti ya Marekani yenye herufi saba na moja ya lazima katikati, ambayo inaruhusu herufi moja kutumika mara nyingi upendavyo. Tovuti iliyotengenezwa kwa mchezo wa namna hiyo itakupa maneno ambayo mwamuzi wa Scrabble hawezi kuyakubali, ingawa herufi zake zote zilikuwa mkononi mwako.

Sasa nije kwa ZO. Hapa tovuti na programu ya simu hazikukosana kuhusu herufi, zilikosana kuhusu orodha ya maneno. Hakuna orodha moja ya maneno ya Kiingereza iliyokubaliwa na walimwengu wote. Mashindano ya kimataifa, na yale ya nchi nyingi nje ya Amerika Kaskazini, hufuata orodha ya wachapishaji wa kamusi za Collins, ambayo katika toleo la 2019 ilikuwa na maneno 279,496. Marekani na Kanada wana orodha yao iliyo ndogo zaidi. Tofauti huonekana wazi katika maneno ya herufi mbili: toleo hilo la Collins lina 127, ilhali orodha ya Marekani ya 2018 ina 107. ZO, ambalo ni jina la mnyama chotara wa ng'ombe na yaki kutoka milima ya Himalaya, limo katika Collins na halimo katika ile ya Marekani. Ndivyo ilivyo pia kwa CH, EE na KY. Kwa hiyo huenda programu iliyomo katika simu ya mwanafunzi wako ilitengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa Marekani, na ikalikataa neno ambalo katika mashindano ya Collins lingekubaliwa bila swali.

Fungueni mipangilio ya programu hiyo muone kama inakubali kubadilisha kamusi, kwani nyingi zinakubali. Iwapo haikubali, iacheni. Ushauri wangu ni kwamba klabu ichague orodha moja mwanzoni mwa muhula, iitangaze, na asiwepo mtu wa kuleta orodha nyingine katikati ya mchezo, hata awe mwalimu. Kwa klabu yenye nia ya kushiriki mashindano, chagueni Collins. Kwa kundi la wanafunzi wapya wanaojifunza Kiingereza, sioni ubaya wowote kutumia kamusi ya kawaida ya shule, mradi kila mmoja ajue hivyo kabla vipande havijagawanywa. Na tafadhali waondolee dhana kwamba tovuti inayotoa maneno mengi zaidi ndiyo bora. Wingi wa majibu mara nyingi unamaanisha tu kwamba orodha yake imechanganya majina ya watu, vifupisho na makosa ya tahajia yaliyookotwa mtandaoni.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayotamani wanafunzi wako waielewe kwa undani, kwa sababu njia inayotumiwa na kompyuta ndiyo hiyohiyo inayoweza kufundishwa kwa kalamu na daftari.

Mtoto mwenye A, C, E, H, N, R na T kwa kawaida huanza kuvisogeza vipande huku na huku, akitumaini kwamba neno litajitokeza. Anachofanya ni kujaribu mipangilio. Herufi saba zisizofanana zinaweza kupangwa kwa namna 5,040, na ukijumlisha mipangilio ya herufi mbili, tatu, nne, tano na sita zinazochaguliwa kutoka humo, jumla yake inafika 13,692. Hakuna binadamu anayeweza kuipitia yote katika mchezo wenye saa inayohesabu dakika. Lakini ukiacha kuhesabu mipangilio na badala yake ukahesabu makundi, yaani ni herufi zipi zimechaguliwa bila kujali zimepangwaje, utakuta kwamba makundi ya herufi mbili hadi saba ni 120 tu. Kutoka 13,692 hadi 120: punguzo hilo ndilo siri nzima ya programu za kutafutia maneno.

Programu hufanya hivi. Kabla mtu yeyote hajauliza lolote, inachukua kila neno la orodha na kuzipanga herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti. SILENT huwa EILNST. LISTEN huwa EILNST vilevile, na pia ENLIST, TINSEL na INLETS. Huo mpangilio wa alfabeti ndio ufunguo wa neno, na maneno yote yenye ufunguo mmoja huwekwa mahali pamoja, kama karani wa masjala anavyoweka barua zote za mtu mmoja katika jalada moja hata kama zimeandikwa miaka tofauti. Ukija na herufi zako, programu haitafuti neno kabisa. Inazipanga herufi zako kwa alfabeti, inaunda makundi yale 120, na kwa kila kundi inaangalia kama kuna jalada lenye ufunguo huo. Ndiyo maana jibu huja kabla hujaondoa kidole kwenye kioo cha simu.

Kipande kitupu nacho kinaeleweka kwa hesabu hiyohiyo. Ukiwa na herufi sita na kipande kitupu kimoja, ukitaka neno la herufi saba, programu inajaribu funguo 26, moja kwa kila herufi ya alfabeti. Ukiwa na vipande vitupu viwili na herufi tano, funguo zinakuwa 351. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ndogo, ila kwa binadamu ni nyingi, na ndiyo maana hata wachezaji wazuri husitasita wanapopata vitupu viwili mkononi, ingawa hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote.

Kwa maswali ya chemshabongo, ambapo mahali pa herufi fulani panajulikana, utatumia alama badala ya ufunguo. Katika tovuti nyingi, alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja isiyojulikana, na nyota husimama badala ya herufi zozote kwa idadi yoyote. C?A?T itakuletea CHART, CHANT, COAST na CRAFT. *ABLE itakuletea kila neno linaloishia hivyo, na ????ABLE itakuletea yale ya herufi nane pekee, kwa mfano PORTABLE. Mchezaji wa Scrabble anaweza kuunganisha njia zote mbili: kati ya yale manne ya C?A?T, mtoto wako mwenye A, C, E, H, N, R na T angeweza kuunda CHART na CHANT tu, maana COAST linadai O na S, na CRAFT linadai F.

Umeuliza njia ya kufanya haya bila simu. Ningeanza na zile herufi za mwanafunzi wako.

Hatua ya kwanza ni kuzipanga kwa alfabeti, na kwa bahati umeniandikia zikiwa zimekwisha kupangwa hivyo. Hatua hii inaonekana ya kipuuzi lakini ina kazi kubwa: inaondoa ule mpangilio wa bahati nasibu ambao vipande vilitoka nao mfukoni, mpangilio ambao jicho hulazimika kuupigania. Hatua ya pili ni kutenga viambishi. Kiingereza kina viambishi tamati vinavyojirudia mno, kama vile -ING, -ED, -ER, -EST, -LY, -NESS na -TION, na viambishi awali kama RE-, UN- na DIS-. Katika herufi hizi tunaona -ER. Tukiitenga E na R pembeni, zinabaki A, C, H, N na T. Herufi tano ni rahisi kuzitazama kuliko saba. Hatua ya tatu ni kuunganisha konsonanti zinazopenda kukaa pamoja, nazo hapa ni C na H. Sasa mkononi una CH, A, N, T. Neno CHANT halijifichi tena, na ukirudisha -ER umepata CHANTER, mtu anayeimba kwa kurudiarudia, pamoja na alama 50 za ziada za kumaliza vipande vyote saba kwa mkupuo.

Njia hiyohiyo ikigeuzwa inakupa neno la pili. Badala ya kuiweka CH mwanzoni, isogeze karibu na mwisho na uifuatishe E: utakuwa na -CHE, na mkononi zitabaki A, N, R na T. Anza na TR na neno TRANCHE litajitokeza, ambalo wanafunzi wako wamewahi kulisikia katika habari za mikopo ya serikali, linapotajwa fungu moja la fedha zinazotolewa kwa awamu. Ukiitenga RE- mwanzoni nako, utapata RECHANT, neno linaloonekana kuwa halali kabisa lakini halimo katika orodha. Waelezeni kwamba viambishi ni vya kupendekeza tu, hukumu ni ya kamusi.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Scrabble vilivyoandikwa Uingereza au Marekani haviwezi kuwaambia wanafunzi wako. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili amezoea silabi zinazoishia kwa irabu. Jicho lake, hata anapochanganua herufi za Kiingereza, hutafuta konsonanti kisha irabu, konsonanti kisha irabu, na kufunga neno kwa irabu. Kwa herufi zako saba, zenye irabu mbili na konsonanti tano, mazoea hayo humwambia mtoto kwamba irabu hazitoshi na kwamba hakuna neno. Lakini Kiingereza hufunga maneno kwa rundo la konsonanti bila wasiwasi wowote: RANCH, CHART, EARTH, CHANT. Kwa hiyo tengeni muda wa kuzoea miisho kama -NCH, -GHT, -RTH, -MPT na -LTH. Mwanafunzi awe na mazoea ya kujiuliza, kabla ya kukata tamaa, ni konsonanti zipi zinaweza kukaa mwishoni. Nimeona kwamba hapa ndipo wanafunzi wanaozungumza Kiswahili hupiga hatua ya haraka zaidi, kwa sababu kikwazo hakikuwa uchache wa msamiati, bali mahali walipokuwa wakitazama.

Baada ya hapo mfundishe kutazama ubao. Wanafunzi waliolicheka neno MERCHANT walikuwa wameshikilia hazina bila kuijua. Kama kungekuwa na M ubaoni yenye nafasi saba tupu baada yake, yule mwenzao angeweka herufi zake saba kuifuata na kuandika neno la herufi nane. Kwa S angeandika SNATCHER. Kwa maana hiyo tovuti ya pili ilikuwa ikijibu swali ambalo mchezaji mzuri hujiuliza kila zamu: herufi zangu hizi, zikikopeshwa moja iliyopo mezani, zinaunda nini? Na hata maneno mafupi huzaa kwa namna hiyo, kwani RANCH ikitanguliwa na B huwa BRANCH, na EARTH ikitanguliwa na H au D huwa HEARTH au DEARTH.

Kwa mazoezi ya kila wiki, tengenezeni daftari la funguo. Chukueni maneno kutoka katika vitabu wanavyosoma darasani, ya herufi tano hadi saba, na kwa kila neno mwanafunzi aandike ufunguo wake upande wa kushoto na neno lenyewe upande wa kulia. Kurasa zipangwe kwa herufi ya kwanza ya ufunguo. Baada ya muda wataanza kukuta maneno mawili au matatu yakikaa mstari mmoja. Katika ACEHT watakuta TEACH na CHEAT, na katika ACENRT watakuta CANTER, NECTAR, RECANT na TRANCE. Kisha wafunike upande wa kulia na kuulizana. Kufunika na kukumbuka ndiko kunakofundisha. Kunakili pekee hakufundishi sana, na daftari zuri lisilofunikwa litabaki kuwa pambo. Wenye kompyuta wanaweza kuifanya kazi hiyohiyo kwa programu ya Zyzzyva, ambayo wachezaji wa mashindano huitumia kujipima kwa orodha ya Collins.

Kuhusu Q, kanuni ya darasani kwamba lazima ifuatwe na U ni ya kweli kwa maneno mengi ya Kiingereza cha kawaida, lakini si sheria. QI ndilo la kwanza kujifunza, kwa kuwa lina herufi mbili na Q ina alama kumi. Yanayofuata yamekopwa kwa wingi kutoka Kiarabu, na wanafunzi wa Pwani hawatahitaji kuelezwa maana ya QADI, QIBLA, TALAQ, WAQF, FAQIR na NIQAB. Kuna pia QANAT, QAT na hata QWERTY. Hapa tena angalieni swali linavyoulizwa. BURQA na SUQ zina U ndani yake, ila U haiifuati Q. Mtu akitafuta maneno «yenye Q bila U», chombo kitayaacha haya mawili, na akitafuta maneno ambamo Q haifuatwi na U, kitayaleta. Mchezaji mwenye Q na U ambazo hazikubali kukaa pamoja anahitaji swali la pili. IRAQ na QATAR ni majina ya nchi na hayakubaliki, hata kama baadhi ya tovuti zitakupa.

Je, simu ipigwe marufuku? Wakati wa mchezo, ndiyo, bila majadiliano, kwa kuwa hata katika mashindano halali kompyuta hutumika tu kuthibitisha neno ambalo tayari limewekwa ubaoni na kupingwa. Baada ya mchezo, nashauri kinyume chake: kila mwanafunzi aandike herufi za zamu moja iliyomshinda, ajaribu tena kwa dakika chache bila msaada, ndipo afungue tovuti. Anayeitazama tovuti kabla ya kujaribu husoma orodha ndefu na kuisahau yote. Anayeitazama baada ya kuhangaika hukumbuka lile neno moja lililomponyoka.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba Scrabble pekee itawafundisha Kiingereza. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa, kwa kukariri orodha ya maneno, na mwaka 2024 alifanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Huo ni uwezo wa ajabu, nao unatuonyesha kwamba kuyatambua maneno kwa herufi zake na kuijua lugha ni mambo mawili. Mwaka huohuo wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza, huko Perth, Australia, na ni halali kabisa wanafunzi wako kutamani kufika huko. Lakini wewe ni mwalimu wao wa lugha pia, kwa hiyo weka kanuni ndogo: neno jipya linaloingia katika daftari liingie na maana yake na sentensi moja. Hapo mchezo utafanya kazi yake na somo litafanya lake.

Limebaki la yule kijana. Nimeliweka mwisho kwa kuwa ni zito kuliko mengine yote. Kushindwa kuchambua herufi zilizochanganywa, peke yake, si dalili ya chochote. Watu wazima wengi wenye elimu kubwa hushindwa, na kasi katika zoezi hili si kipimo cha akili. Kilichonishtua katika maelezo yako ni ile sehemu ya pili, kwamba hata katika kitabu cha kawaida hubadilisha herufi na kuruka maneno. Huenda macho yake yanahitaji miwani, na hilo ndilo la kuchunguzwa kwanza kwa sababu ni rahisi kulitatua. Macho yakiwa mazima, huenda ana disleksia, ambayo ni ugumu wa kuunganisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha. Disleksia haitokani na uvivu wala na upungufu wa akili, na haiponi kwa kulazimishwa kusoma zaidi kwa njia ileile iliyoshindikana. Katika Kiswahili, ambacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, mwanafunzi wa namna hii anaweza kuonekana msomaji wa polepole tu, na ugumu wake ukajitokeza wazi katika Kiingereza, ambacho tahajia yake haina uaminifu huo kwa sauti.

Mimi sitamtambua kwa barua, nawe usimtambue kwa mchezo. Zungumza na mzazi au mlezi wake faraghani, kisha mpelekeni katika kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo yenu, vile vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vimekuwepo Kenya tangu mwaka 1984. Mwende na nakala za maandishi yake ya kawaida ya Kiingereza na Kiswahili, ripoti za shule za miaka iliyopita kama zipo, matokeo ya kupimwa macho, na maelezo yako mafupi ya kile unachokiona anaposoma kwa sauti. Wakati mnasubiri, usimwondoe klabuni isipokuwa mwenyewe aombe. Mwondolee saa, mruhusu acheze akiwa na mwenzake kama timu ya watu wawili, na umpe vipande vilivyokwisha kupangwa kwa alfabeti huku viambishi vikiwa vimetengwa pembeni. Usimwite asome kwa sauti mbele ya wenzake mpaka tathmini ifanyike, na waombe walimu wa masomo mengine wafanye hivyohivyo.